Ceska ama Jericho? Hebu tuongee ukweli kuhusu mguu wa kuku

Ukitaja Jericho huku Eastlands, mtu wa kawaida anafikiria mtaa. Jericho ya kando ya Jerusalem, Jericho ya uwanja wa Camp Toyoyo na vumbi lake. Lakini kaa baze na vijana waliotoka kutazama filamu ya mapigano uone vile jina linageuka. Jericho inakuwa bastola, mwingine anaruka juu anasema Ceska ndio baba yao, na hapo mjadala umeanza kama ule wa Gor na Ingwe. Hakuna hata mmoja kati yao amewahi kushika mojawapo, na nashukuru Mungu kwa hilo.

Ceska tunaijua kwa sababu ya habari. Kila mtoto wa Kayole ama Dandora amekua akisikia sentensi ileile: "alipatikana na bastola aina ya Ceska na risasi tatu." Tumeisikia mpaka jina limekuwa la bastola yoyote, vile kila sabuni ya unga watu huiita Omo.

Sasa kwa vile mnapenda kubishana, chukueni hii. Ceska ni kifupi cha Česká zbrojovka, kiwanda cha mji wa Uherský Brod, enzi hizo nchi ikiitwa Chekoslovakia. Ile maarufu ni CZ 75, iliyochorwa na František Koucký akisaidiwa na nduguye Josef, na hiyo 75 ni mwaka 1975. Jericho 941 ilitolewa na Israel Military Industries mwaka 1990, na mifupa yake imetoka kwa hiyohiyo CZ 75. Za kwanza zilitumia vipande vya Tanfoglio, kampuni ya Italia ambayo nayo ilikuwa inatengeneza bastola kwa mtindo wa Ceska. Kwa hivyo manze, mnapigia kelele mtu na binamu yake.

Tofauti ya maana iko kwa hiyo namba 941. 9 ni ya risasi ya milimita 9, 41 ni ya risasi nene iliyoitwa .41 Action Express. Ilikuwa inauzwa na mtutu wa pili, ukitaka unabadilisha. Hiyo risasi haikukaa, kwa sababu .40 ilikuja wakati uleule ikameza soko, na baadaye Jericho ikatengenezwa kwa .40 na kwa .45. Hapo ndio wasee wa "kaliba kubwa" wamejificha. Hoja yao ni kwamba .45 ina upana wa karibu milimita 11 na nusu, kwa hivyo inaangusha mtu mara moja, na 9 ni ya kuogopesha paka.

Mimi siamini hiyo. Jeshi la Marekani, ambalo lilikaa na .45 kutoka 1911, liliiacha likaenda milimita 9 mwaka 1985. FBI nao walikuwa wamehamia .40, halafu katikati ya miaka ya 2010 wakarudi 9. Si eti walikosa pesa ya risasi kubwa. Ya 9 inarusha mkono kidogo, mtu wa kawaida analenga vizuri zaidi, na risasi zinaingia nyingi kwa magazini moja. Kaliba kubwa ikikosa imekosa tu, haipewi alama ya unene.

Kwa hivyo kama unaniuliza kati ya hizo mbili kavu kavu, nachukua Ceska ya milimita 9. Imezoeleka hapa, vipuri na mafundi wenye idhini ni rahisi kupata, na mkononi zinakaribiana sana. Zote ni chuma. Ceska ni kama kilo moja bila risasi, Jericho ya chuma inazidi hapo kidogo. Weka risasi 16 uongeze karibu robo kilo. Sasa fikiria pakiti ya unga ya kilo mbili, ikate katikati, uongeze vikombe viwili, halafu uifunge kiunoni ndani ya shati uingie matatu ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, umebanwa na mama mwenye kiondo upande huu na mwanafunzi upande huu. Ukiinama kuokota shilingi, gari lote limejua. Ukifika supamaketi unakutana na askari wa mlangoni na kile kidude chake cha kupima chuma. Hizo video za YouTube za kubeba bastola ya saizi kamili zinafanywa na watu wenye gari lao na koti la baridi. Sisi tunaishi ndani ya fulana.

Hii maneno imenigusa kwa sababu ya anko wangu. Ana duka la jumla na M-Pesa huku Kayole, na mwaka jana vijana wawili wa bodaboda walimwingilia akifunga. Walichukua floti na simu mbili, wakampiga na kitako cha kitu ambacho hadi leo hajui kama kilikuwa bastola ama mwanasesere. Akaniita: "Wewe ndio wa mtandao, niambie nichukue gani." Alikuwa ameshaamua kuomba leseni. Simlaumu. Mtu akishapigwa mbele ya watoto wake, hataki kuambiwa takwimu.

Lakini nilimwambia tupige hesabu. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala iliyobadilisha mafunzo ya polisi kule kwao. Alipima akaona mtu mwenye kisu anaweza kukufikia kutoka mita sita na kitu kwa sekunde moja na nusu hivi, ambao ni muda uleule askari aliyefunzwa anahitaji kutoa bastola na kufyatua. Kaunta ya anko iko nusu mita kutoka kwa mteja. Vijana walikuja silaha tayari iko mkononi. Hiyo Ceska ingekuwa kiunoni, chini ya shati, chini ya aproni. Kwa hesabu hiyo yeye angekuwa amewaletea bastola nyumbani kwao. Na hapo ndio sisi huwa hatuongei: mwenye bunduki mtaani hawindwi kwa pesa peke yake, anawindwa kwa hiyo bunduki. Ikishajulikana unayo, na itajulikana, umekuwa duka la aina nyingine.

Halafu kuna kitu kinaitwa risasi iliyokosa. Mbele ya duka lake kuna mama wa mboga, mwenye viazi karai, steji ya bodaboda na foleni ya maji. Nyuma kuna ukuta wa mabati, na nyuma ya mabati kuna familia. Hakuna kaliba inayosimama kwa bati. Mnamkumbuka Yassin Moyo. Machi 2020, wiki ya kwanza ya kafyu, alikuwa na miaka 13, amesimama kwa roshani ya kwao Kiamaiko, risasi ya polisi ikampata. Hiyo ilitoka kwa mtu aliyelipwa na serikali kujua kutumia bunduki. Anko amewahi kupiga manati.

Na usifikirie ni shida ya watu wa chini. Januari 2020, ndani ya klabu ya Kilimani, DJ Evolve alipigwa risasi ya shingo. Mbunge wetu wa Embakasi Mashariki alishtakiwa, na mwishowe hakupatikana na hatia. Mahakama imesema na mimi siongezi. Ninachosema ni kwamba bastola iliyoingia mahali pa starehe haikumlinda mtu yeyote usiku huo.

Najua mtaniletea Westgate, na ni hoja nzuri. Septemba 2013 Abdul Haji aliingia pale na bastola yake kumtafuta ndugu yake, akiwa na raia wengine wenye leseni na polisi wa nguo za kiraia, na watu walitoka hai kwa sababu yao. Namheshimu. Lakini angalia ilivyokuwa: walikuwa wengi, walijua wanaingia wapi, na walishika silaha wakiwa bado mlangoni. Hakuvamiwa akihesabu floti.

Kwa vijana wenzangu bei ni nyingine kabisa. Anko ana nywele nyeupe na duka. Wewe una dreadi, miaka 22, na kitu kimevimba kiunoni saa nne usiku. Machi 2017 video ilitoka Eastleigh, kijana amelala chini tayari, amezidiwa, mtu wa nguo za kiraia akampiga risasi mchana watu wakitazama. Nimeona wasee wakitembea na bastola za plastiki kwa sababu ya picha za Instagram. Karao hatasimama kupima kama ni plastiki. Na ukiibia mtu mkiwa wawili, hata bila silaha ya kweli, sheria inaita wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Ile ya kununuliwa kwa mlango wa nyuma, ya "nina boy ananiuzia", sitaiongelea hata kidogo. Hujui iliua nani kabla ifike kwako, na siku ukishikwa nayo, hayo maganda ya risasi yote yatakuwa yako.

Kwa hivyo kwa anko tulianza na vitu visivyo na sifa. Grili mbele ya kaunta, ya shilingi elfu kadhaa kwa fundi wa Jua Kali. Floti inapelekwa benki mara mbili kwa siku, saa tofauti kila siku. Kufunga saa moja badala ya saa tatu, na hapa alipiga kelele kweli, kwa sababu saa mbili ndio biashara. Mtu wa pili wakati wa kufunga. Taa ya nje inayowaka hata stima ikipotea.

Fomu bado anataka kujaza, na ni haki yake. Desemba 2018 Matiang'i alipowaambia wenye bunduki wote wajisajili upya ndani ya siku 90, yeye alikuwa anacheka habarini akisema hizo ni shida za matajiri. Sasa anauliza atahitaji karatasi gani. Nimemwambia akipewa, iwe Ceska, iwe 9, na aende kulenga shabaha kila mwezi hata kama risasi ni ghali. Na kabla hiyo bastola ipite mlangoni, sefu iwe imeshafungwa kwa ukuta wa saruji, kwa sababu nyumba yake ni ya vyumba viwili na mtoto wake mdogo ana miaka sita na anafungua kila droo.