Uso wa Mzee Alford, na babu zetu wa keya

Haya jamani, wiki hii tuongee kuhusu picha. Si ya simu, ni ya kuchorwa kwa rangi.

Alford Gardner alizaliwa Jamaica mwaka 1926. Mwaka 1944 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, RAF, akawa fundi huko Uingereza. Vita vilipoisha akarudishwa kwao, kazi hakuna. Mei 1948 akapanda meli ya Windrush na kurudi. Nchi ni ileile aliyoitumikia, lakini sasa wenye nyumba wengi hawakutaka mpangaji mweusi. Mwaka huohuo, yeye na wenzake wakaanzisha klabu yao ya kriketi mjini Leeds, Leeds Caribbean Cricket Club, wapate mahali pa kuwa wenyewe.

Kwa maadhimisho ya mwaka 2023, miaka 75 baada ya ile meli, Mfalme Charles aliagiza wazee 10 wa kizazi cha Windrush wachorwe. Mzee Alford alikuwa mmoja wao. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 98. Uso wake upo, na jina lake lipo.

Sasa tujiulize sisi. Pale katikati ya Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari, tangu 1927. Watu wanaipita kila siku, lakini yule askari ni nani? Hana jina. Na wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza? Waingereza waliwaita Carrier Corps, watu wakatamka Kariakoo. Yaani sokoni unaponunua kanga na sufuria, unalitaja jeshi la wabeba mizigo bila kujua. Halafu Vita ya Pili, maelfu ya vijana wa keya, yaani KAR, wakapelekwa mpaka Burma.

Wengi wao hawapo tena. Ila watoto wao ndio hao bibi, babu na shangazi mnaowapigia WhatsApp. Basi ukishasema shikamoo, usiishie kwenye habari za hali ya hewa. Uliza: kwenye ukoo wetu kuna aliyekuwa keya? Aliitwa nani? Alipelekwa wapi? Alirudi na nini? Omba ruhusa, kisha rekodi.

Mchoraji ni gharama, sawa. Jina ni la bure, lakini anayelijua naye anazeeka. Tutumieni hayo majina, tutayasoma moja moja kwenye kipindi.