Jicho la Mwuguzi Juu ya Dawa

Wasomaji wetu wamezoea kuona ukurasa huu wa kwanza ukisema habari za mishahara, likizo, uhamisho na nyumba za watumishi. Mwezi huu twaomba ruhusa kuyaweka hayo kando, ili tuseme neno juu ya kazi moja ya wenzetu wauguzi ambayo haionekani katika hesabu yo yote ya mwisho wa mwezi. Nayo ni kazi ya kumtazama mgonjwa baada ya kumeza dawa. Wengi hudhani ya kuwa shughuli ya dawa yamalizika pale kidonge kipitapo kooni. Sivyo, kwa mwuguzi, hapo ndipo ianzapo.

Sisi wa Moshi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kule Siha, upande wa magharibi wa mlima, iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Mgonjwa alipewa hewa baridi ya mlimani, chakula na mapumziko. Dawa ya sindano iitwayo streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na tangu mwanzo ilijulikana ya kuwa yaponya mapafu lakini yaweza kuharibu masikio. Basi tangu siku zile mwuguzi wa kifua kikuu amekuwa na kazi mbili: kuhakikisha ya kuwa dawa yaingia mwilini, na kuangalia yafanya nini humo iingiapo.

Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, yaani kile kisichosikia dawa za kawaida. Wagonjwa walitoka pande zote za nchi, wakakaa wodini miezi mingi, wakichomwa sindano za jamii ile ile ya kale. Na hapa twataka msomaji aelewe jinsi madhara yale yajavyo, maana hayaji kwa kishindo. Sauti nyembamba ndizo zitokazo kwanza, kisha masikio huvuma kama nyuki walio mbali, na mgonjwa hasemi neno kwa kuwa adhani ni udhaifu wa ugonjwa wenyewe. Siku aitwapo mara tatu bila kuitika, sehemu kubwa imekwisha potea, wala hairudi. Bwana Mganga hupita asubuhi na kwenda zake. Anayekaa karibu naye usiku na mchana, na ambaye aweza kutambua ya kuwa leo mgonjwa amegeuza shingo ili asikie kwa sikio moja, ni mwuguzi. Akiuliza na kuandika katika kitabu cha zamu, mgonjwa hupimwa masikio na dawa hubadilishwa; asipouliza, mtu atapona kifua, arudi nyumbani asiisikie sauti ya watoto wake.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kuwa baadhi ya sindano hizo, kanamaisini miongoni mwake, zisitumiwe tena kwa kifua kikuu sugu, na mahali pake zimeingia dawa za kumeza. Tangu mwaka 2022 shirika hilo limeukubali utaratibu wa miezi sita tu kwa wagonjwa wanaofaa. Twashukuru. Lakini vidonge navyo vina mambo yake: bedakwilini yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hupimwa umeme wa moyo mara kwa mara, linezolidi yaweza kupunguza damu, kufifiza macho, na kutia ganzi katika nyayo. Mgonjwa anayesema ya kuwa ahisi kama akanyaga pamba, asiambiwe ni baridi ya mlimani.

Sehemu ya pili ya kazi hii ni kufundisha, nayo, twasema kwa masikitiko, ndiyo inayofanywa kwa haraka mno. Tuchukue maneno ambayo kila mtu ameyasikia dirishani: "Kutwa mara mbili." Kutwa ni mchana, tangu jua lichomozapo mpaka lituapo. Mtu atiiye maneno hayo barabara atameza asubuhi na jioni, kisha ailalie dawa usiku kucha. Sasa tutazame dawa mseto ya malaria, iliyoshika mahali pa SP tangu mwishoni mwa mwaka 2006. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Mara ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Mara ya tatu ni saa 24 baada ya ya kwanza, na tangu hapo kila baada ya saa kumi na mbili. Aliyeanza saa nne ya usiku yampasa ameze tena saa kumi na mbili ya alfajiri. Tena imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo mwili uipokee vema. Maziwa yafaa, na bakuli la mtori lafaa zaidi. Ni wangapi katika sisi tulioambiwa hayo? Wengi huona nafuu siku ya pili, wakavitia vidonge vilivyosalia kabatini kwa ajili ya mtoto atakayeugua.

Kadhalika rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Ni jambo lisilo na hatari, lakini asiyeonywa hudhani atokwa na damu, naye huacha dawa. Dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na mama asiyeonywa huja kushangaa baadaye. Isoniazidi nayo haipatani na pombe, maana ini hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Hatutaki mtu atuandikie ya kuwa tumeitukana mbege. Twasema tu ya kuwa mwezi wa Desemba, watu wapandapo vihambani kwa wingi, ndio mwezi ambao mgonjwa huyasahau mafundisho yote kwa siku kumi.

Mmoja wetu katika halmashauri ya gazeti hili ana mama mzee huko juu mlimani, aliyeandikiwa vidonge vya presha katika hospitali moja ambayo hatuitaji. Alipewa bahasha dirishani, foleni ikiwa imefika mlangoni, wala hakuambiwa neno ila idadi. Baada ya majuma machache akaanza kukohoa kikohozi kikavu. Mwanawe, ambaye ni karani na msomi kwa kadiri yake, alimnunulia dawa za kikohozi katika duka la dawa, chupa baada ya chupa, kwa miezi minne. Mama akakonda, majirani wakaanza kunong'ona habari za kifua kikuu. Mwisho alikwenda zahanati, na mwuguzi kijana akamwambia, "Shikamoo mama. Kabla ya kikohozi hiki, ulianza dawa gani?" Swali moja tu. Dawa ile ya presha ni ya namna ijulikanayo kwa kuleta kikohozi. Mwuguzi akampeleka kwa tabibu, ikabadilishwa, na kikohozi kikaisha. Mwenzetu asema aona haya kwa fedha za chupa zile, lakini zaidi kwa kuwa yeye mwenyewe hakufikiri kuuliza.

Twajua watakalosema wauguzi: mmoja ana wodi nzima usiku, atafundisha saa ngapi? Ni kweli, na hilo twalipeleka kwa wakubwa pasipo kulipunguza. Saa ya mafundisho iandikwe katika ratiba ya zamu kama ilivyoandikwa saa ya sindano. Lakini twawaambia wenzetu nao ya kuwa ukali wa dirishani haumwongezei mtu dakika hata moja, na mgonjwa aliyekaripiwa hatasema ya kuwa masikio yavuma. Tena iko fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kuandikia madhara ya dawa. Wako wanaoiogopa, wakidhani ya kuwa aijazaye ajishitaki mwenyewe. Aijazaye aishitaki dawa. Wakubwa wa vituo na walitangaze hilo mbele ya watumishi wao wote, na wasimwandikie barua ya kujieleza mtu aliyetoa habari kwa uaminifu.

Wanachama walio katika hospitali, vituo vya afya na zahanati, tangu Rombo mpaka Siha, twawaomba watuandikie jinsi mafundisho ya dawa yafanywavyo katika vituo vyao, bila kutaja jina la mgonjwa ye yote. Barua zimfikie Mwandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Zitakazofika zitapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Mkoa pamoja na nakala ya ukurasa huu.