Akina Mama, Msingoje Uchungu Ndipo Mpimwe

Je, mama, mara ya mwisho ulipimwa mlango wa kizazi lini? Wengi watajibu kwamba hawaumwi popote, hivyo hawaoni haja ya kwenda kliniki. Kwa maoni yangu, fikira hizo ndizo zinazotupokonya mama na dada zetu.

Saratani ya mlango wa kizazi haizuki kwa siku moja. Karibu kila mara husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Virusi haviwezi kuzaana peke yake, kwa hivyo hujipenyeza ndani ya seli na kuilazimisha ivitumikie. Seli hiyo hubadilika sura. Ikitazamwa kwa hadubini, kiini chake huonekana kimekua kupita kiasi, kimekolea rangi na kujaa makunyanzi, na kimezungukwa na nafasi tupu. Aina hatari za virusi hivyo huharibu pia vizuizi vya seli, ikaanza kugawanyika ovyo.

Mara nyingi mwili hushinda virusi hivi wenyewe. Usiposhinda, kwa kawaida saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huenda ikawa miaka 5 hadi 10 tu. Muda huo wote hasikii uchungu, ilhali mabadiliko yamo mwilini na yanaweza kuonekana. Hata pasipo hadubini, muuguzi akipaka siki iliyozimuliwa, sehemu zilizobadilika hugeuka nyeupe. Zikigunduliwa mapema hutibiwa, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Kwa hivyo, anayengoja maumivu au kutokwa na damu ovyo huenda akafika kliniki akiwa amechelewa. Nanyi waume, mnaowakataza wake zenu kupimwa kwa sababu ya haya, mwawalinda na nini?

Wazazi nao wasisikilize uvumi kwamba chanjo ya HPV huleta utasa, si kweli. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 1919 + 100, yaani 2019. Lakini chanjo hukinga tu, haiponyi aliyekwisha kuambukizwa. Binti achanjwe, na mama naye apimwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu waonekana miaka mingi kabla ya ukuta kuanguka. Mbona basi tusiuzibe?