Ufunguo Kwanza, Kasi Baadaye

Makala nyingi tulizoletewa kwa toleo hili zinabishania kasi: BLAKE2 yenye ufunguo, HMAC au KMAC, ipi inamaliza faili kubwa mapema zaidi. Ubishi huo una maana, na majedwali yake tumeyachapa. Hata hivyo nimeyasoma nikiwa nimeudhika, kwa sababu mifumo mingi inayobeba taarifa zetu haijafika huko. Haina ufunguo kabisa.

Chukua namba za simu. Taasisi inataka kuwapa watafiti data za wateja. Mhandisi anapitisha kila namba kwenye SHA-256, kisha ripoti inasema wateja hawawezi kutambulika. Wanatambulika, tena upesi. Namba ya Tanzania, ukiondoa 255, ina tarakimu 9, na za mkononi huanza na 6 au 7, kwa hiyo zote haziwezi kuzidi milioni 200. Kadi moja nzuri ya grafiki hukokotoa SHA-256 mabilioni kwa sekunde. Aliyeipata faili anapitisha namba zote zinazowezekana, analinganisha majibu, na kila mteja anajulikana. SHA-256 haina kosa hapo. Haikuundwa kuficha kitu ambacho mtu anaweza kukibahatisha hadi akimalize.

New York iliyaona hayo mwaka 2014. Data za safari za teksi zaidi ya milioni 170 zilitolewa huku namba za magari na leseni za madereva zikiwa zimepitishwa kwenye MD5 tupu. Vijay Pandurangan alizifumua kwa saa chache.

Najua nitajibiwa kwamba chumvi iliongezwa. Chumvi inayokaa kwenye hifadhidata ileile anaipata yuleyule aliyeiba data. Kinachotakiwa ni fankisheni ya nasibu bandia yenye ufunguo: HMAC-SHA256, ufunguo wa baiti 32 uliozalishwa kwa nasibu, ukatunzwa mbali na data. Asiye na ufunguo huo hawezi kutofautisha jibu na namba iliyookotwa kwa bahati, na hana cha kubahatisha. Goldreich, Goldwasser na Micali waliiweka dhana hii kihisabati tangu 1984; miaka arobaini inatosha kwa jambo kutoka darasani hadi kwenye seva.

Wala asije mtu akaunganisha ufunguo na ujumbe, akavipitisha vyote kwenye SHA-256, akadhani amepata HMAC. Njia hiyo huruhusu mshambuliaji kurefusha ujumbe na kupata saini halali bila kuujua ufunguo; Thai Duong na Juliano Rizzo waliionyesha kwa Flickr mwaka 2009, iliyokuwa ikitumia MD5.

Makala ya HKDF isomwe kabla ya nyingine zote: inaeleza jinsi ya kuzaa ufunguo tofauti kwa kila kazi, ili data za mkopo zisiunganishwe na za hospitali kwa jibu lilelile. Ile ya SipHash na majedwali ya kumbukumbu ni fupi na safi.

Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Sisi nasi tuna la kufanya. Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote itakayodai kwamba utambulisho wa watu umefichwa itaje ufunguo ulizalishwaje, unatunzwa wapi, nani anaushika na utafutwa lini. Isiyotaja itarudishwa kwa mwandishi.