Fuvu Kubwa Si Kondoo Bora

Juma lililopita mzee mmoja wa kwetu alinijia jioni amechukua kikapu. Ndani yake mlikuwa na mafuvu mawili pamoja na taya zake, moja la kondoo mwekundu wa Kimasai, la pili la Dorper wa jirani yake. Akaniambia, "Bwana Karani, wewe umesoma. Tazama hili la jirani lilivyo kubwa. Je, si afadhali niuze dume langu jekundu ninunue Dorper?"

Nikatwaa rula, tukaanza kupima. Nawaandikieni wasomaji tuliyoyaona, maana najua mzee huyu si peke yake mwenye wazo hilo.

Urefu wa fuvu hupimwa toka kisogoni hata ncha ya mfupa wa mdomo wa juu. Upana hupimwa mahali mifupa ya mashavu ilipotanuka zaidi. Lakini urefu peke yake hudanganya. Wataalamu huzidisha upana kwa 100, kisha hugawanya kwa urefu. Tuseme fuvu moja lina urefu wa sentimita 24 na upana wa 12, na jingine lina 20 kwa 10. Yote mawili hutoa 50: umbo ni lile lile, ila moja ni dogo. Fuvu la tatu lenye urefu wa 20 na upana wa 11 hutoa 55, na hilo ndilo lenye umbo jingine.

Tena sharti vilinganishwe vitu vya hali moja: dume kwa dume, na rika kwa rika. Bongo la mwana-kondoo hukua mapema, bali uso hurefuka baadaye. Kwa hiyo mwana-kondoo wa aina yo yote huwa na uso mfupi. Umri hujulikana kwa meno ya mbele ya taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, na yote manane hutimia kwa miaka minne hivi. Tulipotazama, kondoo wa mzee alikuwa na meno makubwa mawili tu. Wa jirani alikuwa nayo manane. Kumbe tulikuwa tukilinganisha kijana na mtu mzima!

Hata hivyo vipimo vya mafuvu vina faida. Daktari wa mifugo atakaye kutia ganzi usoni hana budi kujua tundu la neva lililo chini ya jicho liko umbali gani. Nao wachimbao mambo ya kale hutambua mifupa ya kondoo na ya mbuzi kwa alama za fuvu, kama kile kishimo kilicho mbele ya jicho la kondoo, ambacho mbuzi hana.

Lakini fuvu halisemi habari za tumbo. Dorper alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni nchi ya Wasomali. Ni mnyama mzuri, hunenepa upesi. Walakini majaribio yaliyofanywa Diani, katika pwani ya Kenya, miaka ya 1990, yalionyesha kwamba wana-kondoo wekundu wa Kimasai walistahimili minyoo ya tumboni kuliko Dorper, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Nguvu hiyo haipimwi kwa rula. Na tangu wafugaji wengi walipoanza kuchanganya pasipo mpango, kondoo mwekundu halisi amekuwa haba.

Nikamwuliza, "Mzee, masika yaliyopita walikufa wana-kondoo wako wangapi, na wa jirani wangapi?" Akanyamaza kitambo, kisha akafunika kikapu chake. "Dume halitauzwa," akasema, "mpaka nimehesabu."

Nanyi wafugaji, hesabuni kwanza walio hai zizini, ndipo mtazame ukubwa wa vichwa. Usisafirie nyota ya mwenzio.