Maumivu Yasiyoonekana kwenye Vipimo
Utafiti uliofanyika Juba, Sudan Kusini, mwaka 2007 kwa watu wazima zaidi ya 1,200 ulikuta nusu yao wana dalili za sonona, na asilimia 36 wana kiwewe. Hapo mapigano ya mjini humo ya Desemba 2013 na Julai 2016 yalikuwa bado. Basi mtu anapoumwa kichwa, mgongo na tumbo kwa miezi, na vipimo havioni kitu, kumrundikia dawa za malaria ni kumpotezea fedha. Wapo watakaosema kuyahusisha maumivu yake na sonona au kiwewe ni kumwita mwongo. La hasha: wasiwasi hukaza misuli, huvuruga usingizi na tumbo, na maumivu hayo ni ya kweli. Apimwe kwanza, maana kifua kikuu hakingoji. Lakini daktari amuulize pia analalaje, na amefiwa na nani.