Injini ni injini? Hapana, ndugu yangu

Wadau, kuna kauli inazunguka kwenye gereji za Dar na mimi naikataa: eti injini ni injini, alimradi inaingia kwenye boneti.

Tuchukue Toyota Hilux. Injini ikifa, mwenye gari anakimbilia Gerezani kutafuta iliyotumika kutoka Japani au Dubai. Swali lake la kwanza: ya mwaka gani? Anaamini ya karibuni ndiyo bora. Hapo ndipo anapoliwa.

Mwaka peke yake haukwambii kitu, maana Hilux za mwaka mmoja zimetoka na injini tofauti. Uliza ukoo. Hilux yenye 3L (cc 2779) ukiiwekea 5L ya pampu ya kawaida (cc 2986), hao ni ndugu wa damu. Pampu zao hazitegemei kompyuta, gia boksi inashikana ile ile, na fundi mzoefu hatoki jasho sana.

Sasa chukua 1KD, ile ya Hilux Vigo, toleo lililoanza mwaka 2004. Ina cc 2982, na ukitazama namba tu utasema ni pacha wa 5L. Wapi! Hii inaongozwa na kompyuta. Bila kontroboksi yake, waya zake, sensa zake na pedeli yake ya mafuta, umenunua chuma. Nozeli zake nazo hazitaki utani na dizeli yenye maji.

Najua mtasema mafundi wetu wanaweza chochote. Kweli, nawapa heko. Tatizo langu ni hesabu: bei ya injini si bei ya kazi. Hiyo pikapu ndiyo inabeba nyanya kwenda sokoni na ndiyo inayolipa ada. Ikikaa juu ya mawe miezi mitatu ikisubiri waya, kuna mtoto atarudishwa nyumbani.

Halafu kuna kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa pale. Ukibadili injini, TRA wajulishwe, kadi irekebishwe. Ukipuuzia, siku ya kuuza gari, au siku trafiki atakapofungua boneti, utaanza kujieleza kwamba hukuiba. Kwa hiyo risiti ya dukani usiitupe.

Msimamo wangu ni huu: kama gari ndiyo kazi yako, chukua injini ya ukoo ule ule hata kama ni ya zamani. Ukitaka ya kisasa, nunua na vikorokoro vyake vyote kutoka gari moja, isikilize ikiunguruma kabla hujalipa, na mwambie fundi ataje gharama yote kwa maandishi kabla hajashika spana.

Mnaobisha, karibuni tubishane. Lakini njooni na kadi zenu, tulinganishe namba!